Kiboksi Kilichoinyamazisha Pikipiki

Nianze na yule aliyejiita injinia, maana nikianza na pikipiki nitaisifu, na leo sikukaa hapa kusifu. Alivaa miwani nyeusi. Ni masika, Kyela, mawingu yamekalia mabati mpaka kuku wanaingia kulala mchana, na yeye kavaa miwani ya jua. Ovaroli lake la bluu lilikuwa na mstari wa pasi mguuni. Nimeishi na mafundi maisha yangu yote, sijawahi kuona fundi wa pikipiki mwenye mstari wa pasi. Nilitakiwa nigeuke palepale nirudi Ipinda. Sikugeuka, na kwa sababu hiyo mke wa mwanangu alirudi kwao Makwale analia, na watu wazima wenye akili zao wakakaa kikao kuulizana kama mimi, baba mwenye mvi, nilikuwa nikimnyatia mkamwana wangu vichakani. Ndoa ya mwanangu ilibaki imening'inia, na jina langu pamoja nayo. Yote hayo yalitoka kwenye kiboksi cheusi cha ukubwa wa kipande cha sabuni.

Na sabuni zenyewe za miaka ile! Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Kabla ya hapo tulipanga foleni kwenye duka la kijiji kungoja mche wa sabuni ngumu kama tofali, lakini ilitoa povu. Baadaye zikaja za rangi ya maua yote unayoyajua, zinanukia mpaka nyuki wanakufuata, na ukisugua shati dakika nzima povu hulioni. Betri za redio zikaja zinalia maji ya kutu kabla hujamaliza kusikiliza taarifa ya habari. Ikaja miavuli inayogeuka bakuli kwa upepo wa kwanza wa ziwani. Vitu vikavuka mpaka wa Malawi kule Njisi juu ya baiskeli, mzigo mkubwa kuliko mwendesha baiskeli, na watu wetu wakavipokea kama vimeshuka mbinguni. Ukiuliza kitu hiki kinadumu? Unajibiwa, mzee, hiki ni cha kisasa. Kama vile kudumu ni ushamba.

Basi, pikipiki. Niliikuta imeshazeeka. Kulikuwa na mradi wa mpunga, mradi ukafa, mabwana wakaondoka na magari, pikipiki zikabaki zimeegemea ukuta wa ghala kama wajane. Mimi nikachukua ile ambayo hakuna aliyeitaka, nyekundu, tangi limebonyea upande mmoja, honi ilishakufa kabla yangu. Ilinifaa. Nilikuwa nabeba usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, kutoka Matema kuleta Ipinda, na siku za gulio nilifika mpaka Kyela mjini.

Ndani ya pikipiki za zamani, ukifungua kifuniko cha upande wa kushoto, unakuta vyuma viwili vidogo kama midomo ya kifaranga. Vinakutana, vinaachana, na kila vikiachana plagi inapata cheche. Mafundi wanaviita pointi. Vikiungua unavisugua kwa msasa. Vikipanuka unavirudisha kwa kipimo, na kama huna kipimo unakata kipande cha pakiti ya sigara unakipenyeza katikati. Hakuna siri hapo. Mtu yeyote mwenye bisibisi na subira anaiweza kazi hiyo barabarani, huku usipa unanuka nyuma yake.

Ila adui wa pointi ni maji, na Kyela ni maji matupu. Mvua yetu hainyeshi na kupita, inahamia. Ukivuka dimbwi, pikipiki inakata. Unasukuma hadi kwenye mti, unafungua, unakausha kwa ncha ya shati, unapuliza kama unampuliza mtoto jichoni, unapiga kiki, inawaka. Dimbwi la pili, yaleyale. Na hata ikiwa kavu, pointi zangu zilikuwa zimeungua kiasi kwamba pikipiki ilikohoa, ikanyamaza, halafu ikapiga mzinga kwenye ekzosi. Puu! Mbuzi wanakata kamba. Na ukipunguza mwendo inazima, kwa hiyo ilinibidi niichochee resi muda wote, hata kwenye kona, hata nyumbani kwangu nikiingia. Watu wa barabara ile walinijua kabla hawajaniona. Walinicheka. Mimi niliona aibu, sikatai, na ndiyo maana yule mwenye miwani alinipata.

Nilimkuta mjini, kibanda chake kiko jirani na wauza mitumba. Alitoka Zambia, alisema, kwenye migodi. Huko migodini sijui pikipiki zinafanya nini chini ya ardhi, sikumuuliza, na nilipaswa kumuuliza.

"Mzee, bado unatumia pointi?" alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama bado nakojoa kitandani.

"Natumia."

"Pole sana, baba yangu."

Akaingia ndani akatoka na kiboksi kwenye kitambaa, amekishika kama kifaranga. Nyaya za rangi zinatokeza nyuma. Pamoja nacho kulikuwa na sahani ya chuma yenye koili ndogo, imefungwa nyuzi za shaba.

"Hiki ni elektroniki. Hakuna kukutana, hakuna kuachana. Hakilowi, hakichakai, hakisuguliwi. Cheche inatoka yenyewe kwa wakati wake."

"Ndani mna nini?"

"Akili."

"Akili ya nani?"

"Ya watu walioendelea, mzee."

"Nikifungue nione."

"Hakifunguliwi! Kimemwagiwa lami ya kitaalamu."

Mimi kitu nisichoweza kukifungua nakiweka kundi moja na jiwe. Lakini mvua ilikuwa inaanza tena, na mzigo wa usipa uko nyuma, na vijana wa baiskeli za abiria walikuwa wamekaa kwenye matairi yao wananiangalia. Mmoja akasema, "Mfungie mzee, jamani, atatuua na mizinga yake." Wakacheka. Nikamwambia funga. Bei siitaji, nisije nikakasirika upya.

Sasa ungemwona akifunga. Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalofunika pointi, ina kifaa chake cha kuivulia, kinaikamata na kuivuta polepole. Injinia wa migodini hakuwa nacho. Alichukua nyundo na kipande cha mninga akaigonga, anageuka huku, anagonga, anageuka kule, anagonga, na kila pigo mimi nasikia kwenye meno. Ikatoka. Akang'oa sahani ya pointi zangu, akaweka ile yake. Akakata nyaya bila kuuliza ipi inaenda wapi, akazisokota kwa vidole, akazifunga utepe mweusi, na utepe ulipokwisha akamalizia na nailoni ya mkate. Kiboksi akakibana chini ya kiti kwa mpira wa tyubu. Na huyo ndiye aliyetoka kunisema kuhusu ukale!

Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, kimya. Akavua miwani, ndipo nikaona ana macho kama ya mtu yeyote.

"Elektroniki inahitaji kuzoea," akasema.

"Kama mke mpya?" akauliza kijana wa baiskeli.

"Nyamaza, wewe hujui."

Alipiga kiki mpaka mstari wa pasi ukapotea. Akaitukana plagi, akaitukana petroli, akasema petroli ya Ipinda ina maji. Mwishowe akagundua kwamba ule waya wa kushika bodi alikuwa ameufunga juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Akakwaruza kwa kisu. Kiki moja, ikawaka.

Hapo lazima niseme ilivyokuwa. Haikukohoa. Haikupiga mzinga. Ilinguruma chini chini kama paka aliyeshiba, hata ukiachia resi yote inabaki palepale, ti-ti-ti-ti, inakungoja. Wale vijana wakaacha kucheka. Injinia akarudisha miwani usoni na kukunja mikono kama anapigwa picha. Nikamwomba pointi zangu za zamani, akasema kishazitupa, na mimi naziona mfukoni mwake zimechomoza. Mtu wa namna hiyo.

Nikaondoka. Nilitafuta dimbwi kubwa kuliko yote, lile la karibu na mashine ya kukoboa, nikaliingia mpaka magoti yakalowa. Haikukata. Nilikasirika kidogo, kusema ukweli, kwa sababu nilikuwa nimeshaandaa matusi.

Hapa niwaeleze kidogo wale wasio wa kwetu. Kwetu mke wa mtoto wako hakuangalii usoni, na wewe humwangalii. Hataji jina lako. Akikuona unakuja, anatoka njiani, anageuza mgongo, anajifunika mpaka upite. Si kwamba anakuogopa kama simba. Ni heshima, na heshima ile ina pande mbili: na wewe mzee hupaswi kumshtukiza. Unakohoa, unaongea kwa nguvu, unagonga fimbo, ili apate nafasi ya kujiondoa. Baba mkwe anayetokea kimya kimya ana maswali ya kujibu.

Kulikuwa na bwana mmoja wa ofisi ya wilaya, wa kuletwa kutoka mkoa mwingine, alikuwa akinunua usipa kwangu. Aliniambia mila hiyo imepitwa na wakati. Bwana huyo alikuwa akigombana na baba mkwe wake kwenye simu ya ofisi mpaka wauza karanga nje wanajua nani alisema nini kuhusu mama wa nani. Akimaliza anatoka kunifundisha mimi heshima. Nilimpunjia usipa siku hiyo, na mpaka leo sijutii.

Ni kweli familia nyingi, hasa za kanisani, zilishaanza kulegeza. Wengine wanasalimiana hata kwa mkono. Lakini mkamwana wetu alitoka kwa watu wanaoshika sana, na mke wangu naye alipenda hivyo. Kwa hiyo tangu mwanangu amwoe, mimi nilimjua yule binti kwa kisigino na ncha ya khanga. Nilikuwa nikisikia kicheko chake jikoni, nikifika kinakatika. Nilimpenda kwa hilo. Alilelewa.

Sasa siku yenyewe. Nimetoka Matema nimeshauza, pikipiki nyepesi, mvua imekata, barabara laini haina hata vumbi. Nikakata kuingia njia ya nyumbani, ile inayopita kati ya kakao. Njia nyembamba, kona kama utumbo wa mbuzi. Nikaachia resi, nikaiacha ijiendee yenyewe, ti-ti-ti-ti, na mimi nafikiria chakula.

Kwenye kona ya pili, huyu hapa. Ana beseni la nguo kichwani kutoka mtoni, anaimba. Anakuja uso kwa uso, si kwa mgongo, si kwa ubavu. Na mimi nimeshafika, angeweza kugusa taa. Akaniangalia. Nikamwangalia. Ana mwanya, sikuwahi kujua. Wimbo ukabaki mdomoni mwake, mdomo wazi.

Halafu akapiga ukelele ambao nadhani ulivuka mpaka Malawi, akajirusha kwenye mfereji. Beseni likaenda huku, nguo zikaenda kule, shati la mwanangu likatua kwenye usukani wangu. Na khanga yake, Mungu anisamehe, ilinasa kwenye tawi la mkakao ikabaki juu. Niligeuza uso haraka mpaka shingo ikalia. Nikabaki hivyo, naangalia kakao, pikipiki inanguruma taratibu chini yangu kama haihusiki.

"Samahani, mama," nikaiambia kakao.

Nilisikia maji ya mfereji yanapigwa, mtu anakimbia. Nikafika nyumbani, mke wangu kasimama mlangoni, ameshasikia ukelele.

"Umefanya nini, baba watoto?"

"Nimepita njia."

"Umepita bila kupita? Mbona hatukukusikia?"

"Si nilikwambia nimefunga kiboksi? Haipigi tena kelele."

Akashika kiuno. Mke wangu akishika kiuno mimi huwa natafuta kiti.

"Gwe! Nani alikutuma uondoe kelele? Mtoto wa watu tangu siku ya kwanza nilimfundisha: ukisikia mizinga ile, mzee yuko darajani, una nafasi ya kushusha mzigo na kuingia kwenye kakao. Ukisikia anaichochea, yuko kwenye mbuyu mdogo wa jirani, funika kichwa. Tumeishi vizuri hivyo. Wewe umekwenda mjini kununua kunyata!"

Kumbe. Miaka yote naona aibu ya ile mizinga, na nyumba nzima inaendeshwa kwa hiyo. Wanawake walikuwa wamepanga maisha yao juu ya pointi mbovu, na mimi mwenye pikipiki ndiye pekee sikuambiwa.

Jioni mkamwana hakuwepo. Alipita kwa nyuma, akachukua nguo kavu, akaenda kwao. Mwanangu alirudi kutoka shambani, akasikia, akakaa chini kwenye udongo. Hakunilaumu. Alisema tu, "Baba, baba yake mdogo ni mtu mgumu." Nikajua hapo tuko pabaya. Maana habari haisafiri jinsi ilivyo. Kutoka kwetu mpaka Makwale, ile "alitokea ghafla" ilikuwa imeshakuwa "alikuwa akimsubiri kwenye kona," na ilipofika sokoni Ipinda nilikuwa nimemfuata mpaka mtoni nikamvua khanga. Muuza chumvi mmoja, mjinga mmoja asiyejua hata kupima chumvi, alinipokea siku iliyofuata kwa kukohoa na kuangalia juu. Nikajua naye kapata yake.

Tulikwenda Makwale mimi na mdogo wangu, yeye msemaji. Hatukwenda kwa miguu kwa sababu ushahidi wangu ulikuwa pikipiki yenyewe. Wakatukaribisha vizuri, salamu za ugonile na ndaga, viti, ndizi. Watu wa Makwale watakukaribisha vizuri hata kama wamepanga kukumaliza. Binti alikuwa nyumba nyingine, hakuonekana. Mdogo wangu akaeleza. Alipofika kwenye kiboksi, baba mdogo wa binti akamkatiza. Mtu mnene, mfupi, alikuwa akiongea huku anajipepea kwa kofia.

"Ngoja, mkwe. Unasema pikipiki ilinyata?"

"Ndiyo."

"Tangu lini pikipiki inanyata? Mtu ndiye hunyata."

Wenzake wakaguna. Baba yake binti alikaa akiangalia miguu yake, na huyo ndiye aliyeniuma, kwa sababu ni mtu mwema, na mtu mwema akiacha kukuangalia, unajua umechafuka.

"Huyo fundi yuko wapi?" akauliza baba mdogo. "Mleteni aseme."

Nikatuma injinia aitwe kutoka mjini. Ningeleta mbuzi ningepata shahidi bora. Alikuja kwenye baiskeli ya abiria, ovaroli limepigwa pasi upya, miwani usoni. Hakusalimia vizuri. Akasimama katikati ya wazee waliokaa, kosa la kwanza, akaanza kuwahutubia habari za mawimbi na mkondo na kitu gani sijui kinachojaa na kujimwaga ndani ya kiboksi. Hakuna aliyeelewa, na nina hakika yeye pia hakuelewa. Wazee wakamsikiliza kama wanavyosikiliza mvua.

Baba mdogo akamuuliza, "Huyu mzee alipokuja kwako, alitaka nini?"

Na yule mpuuzi, ili aonekane ana wateja wenye akili, akasema, "Alitaka ukimya. Wateja wangu wote wananunua ukimya."

Nikainuka. Mdogo wangu akanishika shati.

"Muongo mkubwa! Nilitaka isikate kwenye maji!"

"Mzee, usisahau," akasema, anarekebisha miwani, "wewe mwenyewe ulisema umechoka na kelele."

"Waliosema ni vijana wa baiskeli!"

"Sasa si unaona," baba mdogo akawaambia wenzake, anajipepea, "mtu amechoka na kelele."

Nikaona ndoa ya mwanangu inakwenda hivihivi, inabebwa na mtu wa miwani asiyejua hata uzito wake. Baba yake binti akafungua mdomo kwa mara ya kwanza, akasema polepole kwamba labda mtoto abaki nyumbani kwanza mpaka mambo yatulie. Kila mmoja wetu alijua kutulia huko maana yake nini.

Aliyetuokoa ni shangazi wa binti, mama mzee, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuwa pembeni na wanawake, anamenya ndizi mbichi.

"Injinia mimi simhitaji," akasema. "Masikio ninayo. Nendeni na hiyo pikipiki kule kwenye kijito, mbali. Mimi nakaa hapa, nageukia ukuta, namenya ndizi zangu. Mzee aje taratibu, kama anavyosema alikuja. Nikimsikia, nanyoosha kisu juu. Tutaona nani ananyata."

"Watu wote wanyamaze," akasema baba mdogo.

"Nyamazeni," akasema shangazi, na yeye mwenyewe hakunyamaza.

Nikaisukuma mpaka kijitoni, nikaiwasha, nikaachia resi. Ti-ti-ti-ti. Nikaja. Sijawahi kuendesha kwa woga namna ile, nimeshika usukani kama naendesha yai. Nikapita migomba, nikaingia uani. Watu wote wananiona, wameziba midomo. Shangazi kageukia ukuta, kisu kinakwenda, maganda yanaanguka, anaendelea kuongea na ndizi.

"...na miguu yake ile kama ya korongo, eti anyate. Angemnyatia nani? Goti likilia tu watu wanaamka. Sura yenyewe kama kiazi kilichosahaulika jikoni. Mke wake yule anavumilia, ndaga fijo, asante sana kwa mke wake, mimi ningeshamrudisha kwa mama yake..."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, tairi la mbele karibu na kigoda. Pikipiki inanguruma. Hakugeuka. Kisu kiko chini, kwenye ndizi.

"...halafu ananuka usipa. Mtu anayenuka vile hawezi kukushtukiza, unamnusa kwanza..."

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

Akaruka na kigoda. Ndizi zikaenda mpaka kwa wazee. Na uwanja wote ukapasuka, wanaume wanalala kwenye viti, wanawake wanashikana, baba yake binti anajifuta macho kwa mkono wa shati. Kutoka ile nyumba nyingine nilisikia kicheko kimoja ninachokijua, na mara hii hakikukatika.

Baba mdogo peke yake alijaribu kupinga. "Hukusikia kwa sababu ulikuwa unaongea!"

"Na mtoto si alikuwa anaimba?" shangazi akamgeukia, bado anahema. "Ulitaka atembee njiani kama maiti? Hiki kitu kinanyata. Nimeona. Mzee hana kosa, ila ni mjinga, na ujinga tunaweza kukaa nao."

Nililikubali neno hilo kwa mikono miwili. Ikabaki kusema tufanyeje. Mwanangu atoe mbuzi, tukala wote. Mke wangu alete khanga mpya, akaleta. Kuhusu pikipiki, injinia akaona nafasi, akajisogeza, akasema anazo honi za umeme, sauti tatu tofauti, angeweza kunifungia.

"Honi anapigiwa mbuzi," shangazi akamjibu. "Mtoto wetu si mbuzi. Na wewe vua hiyo miwani unapoongea na wazazi wako."

Akavua. Nitamshukuru yule mama mpaka nife kwa jambo hilo peke yake.

Halafu akanigeukia mimi. "Mdomo unao. Ukifika kwenye kakao, imba."

"Sijui kuimba, mama."

"Ndiyo vizuri. Atakusikia upesi zaidi."

Huo ndio ulikuwa uamuzi wa Makwale, na mkamwana akarudi kwetu. Injinia aliurudisha mjini kwa namna yake, akawa anawaambia wateja kwamba kiboksi chake kilipimwa na baraza la wazee na kufaulu. Akauza vingine kwa maneno hayo. Vingi vilikufa mvua ya pili. Changu hakikufa, na hilo nalo linaniudhi, maana ningependa kusema kilikufa.

Shida yangu ilikuwa nyimbo. Darasa la pili nililoishia hawakutufundisha nyimbo za kutosha, na kanisani huwa nakaa nyuma na kutikisa midomo. Wimbo pekee ninaoujua maneno yake yote ni ule wa kuzikia, kwa sababu huo nimeuimba mara nyingi kuliko yote. Basi siku ya kwanza nikatoka barabara kuu, nikaingia njia ya nyumbani, nikaufungua mdomo. Mzee mmoja jirani akatoka mbio kwake, shati mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna! Napita nyumbani!"

"Sasa unaimba nini?"

"Niache!"

Nikaendelea, sauti inapasuka kila mahali inapoweza kupasuka, mbwa wananifuata, watoto wanajipanga kwenye ua kunisikiliza kama sarakasi. Kwenye kona ile ya pili nikapunguza mwendo na kuongeza sauti. Jembe lilikuwa limelala katikati ya njia, udongo bado mbichi kwenye bapa lake. Hapakuwa na mtu. Upande wa kulia majani ya kakao yalikuwa yanatikisika, mahali pamoja tu, na upepo haukuwepo.

Nikageuza uso upande wa kushoto, nikalizunguka jembe, nikaanza ubeti mwingine.